Wakizaliana bila shida, bado ni spishi mbili? Mimi nasema ndiyo

Wakuu, hili naomba tulijadili kwa kina, maana ndilo linaloamua kiumbe gani kilindwe na kipi kiachwe. Kuna hoja inayorudi kila mara: viumbe wawili wakipandana na watoto wao nao wakazaa, basi hao ni spishi moja, kwisha. Wanaoishikilia wanasema nguvu za uhifadhi zinapotea kwa kulinda rangi mbili za samaki yuleyule. Napinga, na naeleza kwa nini.

Kanuni wanayoiegemea ni ya mwanabiolojia Ernst Mayr. Mwaka 1942 alieleza kwamba spishi ni makundi ya viumbe wa asili wanaozaliana, au wanaoweza kuzaliana, na ambao wametengana kiuzazi na makundi mengine ya namna hiyo. Wenzangu wanaliganda hilo neno "wanaoweza". Lakini baadaye Mayr mwenyewe aliliondoa, na naona alifanya vyema. Simba na simbamarara wakifungiwa pamoja huzaa. Huko India, ambako maeneo yao yaliwahi kuingiliana, hakuna uthibitisho wa mahuluti wao (watoto wa spishi mbili) wa porini. Kinachowezekana kwenye kizimba hakituelezi kinachotokea mwituni.

Tatizo ni kwamba tukisikia utengano wa uzazi, wengi wetu tunamfikiria baghala peke yake: farasi ana kromosomu 64, punda 62, mtoto wao anabaki na 63 na karibu kila mara ni tasa. Huo ni ukuta unaosimama baada ya mimba kutungwa. Kuta nyingi husimama kabla ya hapo: msimu wa kupandana, mahali pa kupandana, mlio, harufu, rangi. Chukueni inzi wa Amerika Kaskazini aitwaye Rhagoletis pomonella. Alizoea kutaga kwenye matunda ya mti wa porini, hothoni. Katikati ya karne ya 19 baadhi yao wakahamia kwenye tofaa, zao lililoletwa na wahamiaji kutoka Ulaya. Inzi hawa hupandana palepale kwenye tunda, na tofaa huiva wiki kadhaa mapema. Hakuna mlima wala mto uliowagawa. Wamegawanywa na kalenda. Bado hawajafika mbali, wanachanganyika kidogo, lakini njia wameshaianza.

Sasa nije kwa samaki, kwa sababu hapa ndipo hoja ya "rangi mbili" inapovunjika kabisa.

Ziwa Victoria lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita. Maji yaliporudi, furu, samaki wadogo wa ziwa hilo, waligawanyika wakafikia spishi zipatazo 500. Kwa hesabu za mageuzi, huo ni muda mfupi mno. Wawili kati yao ni Pundamilia pundamilia, ambaye dume wake ni wa buluu, na Pundamilia nyererei, aliyepewa jina kwa heshima ya Julius Nyerere, na dume wake ni mwekundu. Wa buluu hukaa maji ya juu; mwekundu hukaa chini zaidi, ambako mwanga unaofika umeelemea kwenye wekundu. Hata macho yao yametofautiana: jeni ya protini inayopokea mwanga imebadilika kufuata kina. Majike wa kundi la chini huona wekundu vizuri zaidi, nao humfuata dume mwekundu. Wakichanganywa kwa kulazimishwa, watoto wao huzaa bila tatizo lolote. Ukuta wote uko kwenye jicho la jike!

Mtafiti Ole Seehausen na wenzake waliupima ukuta huo. Chini ya mwanga mweupe, majike walichagua madume wa spishi yao. Walipowekewa mwanga wa rangi ya chungwa unaofuta tofauti ya rangi, uchaguzi huo ulipotea. Na ziwani ni vivyo hivyo. Kwenye kisiwa cha Makobe, ambako maji ni maangavu, spishi hizi mbili zinatambulikana waziwazi. Huko Luanso, ambako maji ni ya tope, kuna kundi moja tu lenye rangi za katikati.

Hebu tulitafakari hilo. Sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, hubebeshwa lawama ya kupotea kwa furu, na kweli aliwala wengi sana. Lakini mbolea na udongo unaosombwa hadi ziwani, pamoja na mwani unaostawi kwa rutuba hiyo, vinaweza kufuta spishi bila kuua samaki hata mmoja. Anayehesabu kwa kigezo cha "wanazaana au hawazai" hataona kilichopotea.

Nyongeza: kuna aliyenijibu kwamba ukuta unaobomolewa na tope haukuwa ukuta, kwa hiyo spishi hazikuwepo. Ni pingamizi zito, sitaki kulipita juu juu. Jibu langu ni kwamba utengano hukua. Makundi mawili yakiacha kuchanganya jeni, kila moja hukusanya mabadiliko yake ambayo hayajawahi kukutana na ya upande wa pili. Mwanajenetiki Theodosius Dobzhansky alilieleza hili tangu miaka ya 1930: kila badiliko halina madhara ndani ya kundi lake, lakini yakikutana ndani ya mtoto mmoja hugombana, na mtoto huyo hufa au huwa tasa. Hilo huhitaji muda mrefu. Ukuta wa rangi ndio unaowapa muda huo. Ukisema mche si mti, ukaung'oa, usitegemee kupata mti.

Na wakati mwingine mwanzo huo huonekana kwa macho. Mwaka 1981, kwenye kisiwa cha Daphne Major huko Galápagos, watafiti Peter na Rosemary Grant walimwona dume wa finchi, ndege mdogo mla mbegu, aliyetoka kisiwa kingine, zaidi ya kilomita 100. Alizaa na jike wa hapo, wa spishi tofauti. Watoto wao wa kiume walijifunza wimbo wa baba, ambao haukufanana na wa wenyeji, na ndani ya vizazi vichache uzao huo ukawa unapandana wenyewe kwa wenyewe. Kumbe hata mahuluti wanaweza kuanzisha ukoo unaojitenga, kwa wimbo na umbo la mdomo tu.

Mpaka wa spishi una ukungu, nakubali. Tembo wa msituni na wa savana huchanganyika mpakani mwa Uganda na Kongo, ila mwaka 2021 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, iliwatathmini kama spishi mbili, na hapo ndipo ikaonekana wazi kuwa wa msituni yuko hatarini zaidi. Walipohesabiwa pamoja, hali yake ilikuwa imefichika.

Basi ninyi mnaopinga, nijibuni hili moja: ziwa likibaki na idadi ileile ya samaki, lakini wekundu na wa buluu wote wamegeuka kuwa rangi moja iliyofifia, mtaandika kwamba tumepoteza nini?