Mjadala: Je, bendi za kuwaenzi wanamuziki waliotangulia zinaulinda muziki wetu au zinaukalia?

Mleta mada, Kisumu

Ndugu wasomaji, naleta mezani suala ambalo huzuka kila wanapokutana wapenzi wa benga, muziki wa gita uliokuzwa na Waluo, na wa rumba katika jiji hili, na ambalo mara nyingi huishia kwa kurushiana maneno kabla hoja hazijasikika. Kuna bendi ambazo kazi yake yote ni kupiga nyimbo za mwanamuziki mmoja au kikundi kimoja ambacho hakipo tena jukwaani. Wapigaji huvaa alivyovaa, huimba kwa sauti iliyo karibu na yake, na mwenye ukumbi hubandika tangazo lenye jina la marehemu kwa herufi kubwa kuliko jina la bendi yenyewe. Je, huko ni kumuenzi au ni kumchuma?

Tusichanganye mambo. Bendi ya kopi, ambayo kwa usiku mmoja hupiga Franco wa rumba ya Kongo, kisha D.O. Misiani wa benga, kisha wimbo uliotoka mwezi jana, ni jambo jingine. Bendi iliyofiwa na kiongozi wake ikaendelea na wapigaji walewale ni jambo la tatu. Ninazungumzia zile zilizoundwa makusudi ili zifanane na mwingine.

Wenzetu wa ng'ambo wametutangulia katika hili. The Bootleg Beatles walianza Uingereza mwaka 1980, miaka 10 baada ya Beatles wenyewe kutengana. Björn Again, wanaopiga nyimbo za ABBA, walianza Melbourne, Australia, mwaka 1988. Mwaka huohuo ilizaliwa Adelaide bendi ya The Australian Pink Floyd Show, ambayo baadaye ilialikwa kupiga katika sherehe ya David Gilmour, mpiga gita wa Pink Floyd yenyewe, alipotimiza miaka 50 mwaka 1996. Mwenye nyimbo hangewaalika kwenye sherehe yake watu anaowahesabu kuwa wezi.

Mimi naziunga mkono bendi hizi, na sababu yangu kubwa ni vidole. Benga haikukuzwa kwa nota zilizoandikwa. Mpiga solo hudonoa nyuzi moja moja kwa namna inayokumbusha nyatiti yenye nyuzi nane, mwimbaji akinyamaza gita humjibu, na besi badala ya kutulia chini hukimbia pamoja nao. Ukiisikiliza kanda utasikia sauti, lakini hutaona kidole kilikaa wapi wala kiliondoka lini. Kijana anayelazimika kuupiga wimbo uleule kila wiki mbele ya wazee wanaoijua kila sauti yake, na ambao hawaoni haya kumkosoa papo hapo, anapata shule ambayo sijaiona ikitolewa mahali pengine katika eneo hili.

Mpiga gita, Kondele

Mleta mada amesema kweli juu ya vidole, ila tumbo amelisahau. Bendi yetu haikuanza kuwa ya kuenzi. Tulianza na tungo zetu, na kila tulipozipiga wateja waliketi kwa adabu, wakatazama simu zao, wakaagiza samaki. Tukigusa tu sauti za kwanza za zilipendwa mojawapo, viti vinasukumwa kando. Mwenye ukumbi huhesabu chupa, hahesabu tungo, na haikuchukua muda akatuambia waziwazi ni muziki upi anaoulipia.

Lipo jambo ambalo wasiopanda jukwaani hawalioni. Nyimbo za benga zimejaa majina ya watu: marafiki wa mtunzi, mashemeji, wafadhili, wenye maduka na magari wa enzi hizo, waliotajwa kwa sababu walimtunza au walimpokea nyumbani. Leo ninapouimba wimbo huo, nimsifu nani? Nikiyabakiza majina ya zamani, ninawasifu watu ambao wengi wao wamekwisha kuzikwa, huku mteja aliye mbele yangu na noti mkononi, ambaye kwa desturi ya pakruok hulipa ili muziki usimame ajisifu au asifiwe, akiona kwamba nimemnyima haki yake. Nikiyaondoa, kuna mzee atakayeinuka kutoka kwenye kona na kuuliza kwa nini nimemfuta ndugu yake. Sisi tumekata shauri hivi: katika beti za kuimbwa majina ya asili yanabaki kama mtunzi alivyoyaweka, na gita likishaachiwa kukimbia ndipo majina ya usiku huo yanaingia.

Mwalimu wa muziki, Kakamega

Ninampinga mleta mada kwa hoja yake mwenyewe. Anachokinakili yule kijana mara nyingi si vidole vya marehemu bali ni santuri ya marehemu, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Santuri ya 45, yaani ile ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, ilikuwa na nafasi ya dakika chache tu kila upande, ndiyo maana nyimbo nyingi za miaka ya 1970 zilikatwa zikawa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na katikati msikilizaji aliinuka kwenda kuigeuza. Ukumbini wimbo huohuo ulirefuka kadiri wachezaji walivyotaka. Nimesikia kwa masikio yangu bendi ya kuenzi ikisimama kabisa pale upande wa kwanza ulipoishia, ikavuta pumzi, kisha ikaanza tena pale upande wa pili ulipoanzia. Hapo anayeenziwa ni mkasi wa kampuni ya santuri.

Chukueni mfano wa huku kwetu. George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963, alipiga gita la omutibo kwa kidole gumba kilichoshika sauti za chini na kidole cha shahada kilichochora wimbo juu yake, huku chupa ya Fanta ikigongwa kushika mwendo. Mtindo huo haukudumu kwa sababu kuna kundi lililojivika umbo la Mukabi. Ulidumu kwa sababu wapigaji wengine wa Magharibi waliuchukua, wakauwekea maneno na misiba na michumba yao wenyewe. Na mwanawe, Johnstone Ouko Mukabi, aliupokea akawa mpiga gita kwa jina lake. Mwanafunzi wangu akiniletea wimbo wa Mukabi, sauti kwa sauti, namsifu, kisha namwambia aende atunge wa nyumbani kwao kwa vidole hivyohivyo.

Mtunzi na mwimbaji, Nyalenda

Nitasema wazi kwamba bendi hizi ninazionea wivu, lakini wivu haubatilishi hoja. Kila Jumamosi ambayo ukumbi umekodiwa kwa ajili ya mtu aliyefariki ni Jumamosi ambayo aliye hai hakupata pa kuimbia, na kumbi zenye vyombo vinavyofaa katika mji huu si nyingi.

Hata hivyo, kinachoniudhi zaidi si nafasi. Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania na kufariki katika ajali ya barabarani hapa Kisumu mwezi Mei 2006, hakuwa mtu wa kuburudisha tu. Mafumbo yake ya kisiasa yalimtia matatani na wenye mamlaka, na waliomsikiliza wakati ule walijua kwamba anayeimba anaweza asionekane kesho. Leo fumbo lilelile linaimbwa mbele ya wanasiasa walioketi meza ya mbele, wanapiga makofi na kuongeza chupa. Fumbo lisilomtia mtu hofu limegeuka pambo. Bendi ya kuenzi inaweza kuiga kofia, gita na hata namna ya kukohoa. Ila ule ujasiri wa kusema jambo ambalo litakugharimu, hauigiki kwa maneno ya jana. Anayetaka kumuenzi Misiani kikweli na atunge wimbo kuhusu mambo ya leo, tuone kama atapigiwa makofi.

Shabiki, Nakuru

Naomba nisimame na wale wanaolipa kiingilio, kwa maana naona wote mliotangulia mna gita mkononi. Mimi ni mpenzi wa kantri. Jim Reeves alifariki katika ajali ya ndege tarehe 31 Julai 1964, kabla sijazaliwa, na hakuna njia nitakayomwona. Akija mtu hapa Nakuru akaniimbia nyimbo zile kwa sauti nzito isiyo na haraka, nitakwenda, na sitamuuliza kama anaendeleza sanaa. Mkenya anayejulikana kama Sir Elvis amejipatia jina kwa kantri, na sijasikia mtu wa Nashville akilia kwamba ameibiwa. Dada wa Nyalenda, nyimbo zako nitakuja kuzisikiliza pia, ila usinifanyie furaha yangu kuwa kosa.

Mwanasheria, Nakuru

Mjadala umekwenda mbali bila kugusa haki miliki, nami ningependa tusiendelee bila hiyo. Sheria ya Haki Miliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaulinda utunzi kwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Kwa kipimo hicho tungo za Misiani zinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2056, na za Musa Juma, mwanamuziki wa rumba ya Kiluo aliyefariki mwezi Machi 2011, hadi mwisho wa 2061. Kwa upande wa Mukabi muda huo ulikwisha pamoja na mwaka 2013, kwa hiyo wanafunzi wa mwalimu wa Kakamega wanaweza kuzipiga tungo alizotunga mwenyewe bila kumwomba mtu ruhusa.

Bendi inapopiga moja kwa moja ukumbini haitumii sauti iliyorekodiwa, inatumia utunzi. Kinachodaiwa hapo ni haki ya mtunzi, si ya mtayarishaji wa santuri. Kwa desturi mwenye ukumbi ndiye hukata leseni. Tatizo ni kwamba pesa hiyo ikiwafikia wanaoigawa kwa watunzi bila orodha ya nyimbo zilizopigwa, hakuna atakayejua ni ya nani. Hapa ndipo ninapowapendelea hawa wa kuenzi kuliko wengine, kwa sababu angalau tangazo lao linamtaja mwenye nyimbo. Hapa Nakuru, katika mugithi, mtu mmoja na gita lake hupita katika nyimbo za watunzi wengi usiku kucha, akibadilisha maneno apendavyo, na mara nyingi hakuna anayesikia jina la mtunzi hata mmoja. Kama ni lawama, tuanzie huko.

Kuhusu majina aliyoyataja ndugu wa Kondele: kifungu cha 32 kinampa mtunzi haki ya kutambuliwa na haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa kwa namna inayomvunjia heshima, na baada ya kifo warithi wanaweza kuitetea. Kuongeza jina la mteja wakati gita linakimbia sidhani kutawaudhi warithi. Kumtia mgombea uchaguzi ndani ya ubeti ni jambo jingine kabisa.

Mleta mada, Kisumu

Hoja ya mwalimu kuhusu santuri imenigusa, nayo inaonyesha kwamba kuna kuenzi kwa uvivu na kuenzi kwa kufikiri. Kwa mtunzi wa Nyalenda nina jibu moja. Tim Owens alikuwa akiimba katika bendi ya kuwaenzi Judas Priest, kundi la roki la Uingereza, huko Marekani, na mwaka 1996 Judas Priest wenyewe wakamchukua awe mwimbaji wao. Arnel Pineda wa Ufilipino alikuwa akipiga kopi na bendi yake, na mwaka 2007 bendi ya Marekani ya Journey wakamwona mtandaoni wakamwita. Kumbe njia hii inaweza kumfikisha mtu mbali.

Kisha kuna suala la jina, ambalo naona ni zito kuliko la nyimbo. Franco alipofariki tarehe 12 Oktoba 1989, wapigaji wa bendi yake, TPOK Jazz, waliendelea kwa miaka michache, kisha wakatofautiana na familia yake kuhusu mapato, wakatengana na kuunda Bana OK. Walikuwa na vidole, walikuwa na nyimbo ambazo baadhi walizitunga wenyewe, akiwemo Simaro Lutumba, na bado jina halikuwa lao. Ikiwa waliokaa na Franco miaka mingi walikwama hapo, kijana wa Kisumu asiyewahi kumwona marehemu ana haki gani juu ya jina lililo kwenye tangazo?

Mtunzi na mwimbaji, Nyalenda

Mifano yako miwili inanisaidia mimi. Owens na Pineda walitoka kuimba nyimbo za wengine wakaingia mahali pakubwa zaidi ambapo walidaiwa kila usiku kuimba zilezile za mtangulizi.

Mpiga gita, Kondele

Wakili amesema vizuri, na swali la jina nitalijibu kwa yaliyotukuta. Kabla hatujaanza kutumia jina la marehemu tulikwenda kwao, tukaketi na kaka yake mkubwa na wanawe. Nyimbo hawakutusumbua nazo. Walitaka mambo matatu: jina la bendi yetu lisomeke wazi kwenye tangazo ili mtu asidhani ni wao wanaopiga, wimbo mmoja aliomtungia mamake usipigwe penye pombe, na picha yake ikitumika walipwe sehemu ya kiingilio. Mawili ya kwanza tumeyashika. La tatu bado tunavutana, kwa sababu mwenye ukumbi ndiye anayeichapisha hiyo picha na anasema kiingilio ni chake, nasi tunalipwa ujira wa usiku tu. Wakili, kama unajua namna ya kumbana huyo wa katikati, tuandikie hapa, maana familia inatudai sisi.