Gesi ya kilo 6 haimalizi mwezi, maharage ndo yanaimaliza?

MamaWaKimara
Wakuu habari za jioni. Tupo wanne nyumbani, mkaa niliachana nao natumia mtungi mdogo wa kilo 6, sasa mwezi haujaisha gesi imekata. Nikichunguza ni siku za maharage na makande, jiko linawaka toka mchana mpaka jioni. Jirani kanishauri presha kuka ya umeme ila baba watoto hataki kusikia, anasema LUKU itatumaliza. Ni kweli inakula umeme?

fundi_umeme
Dada mwambie shemeji atulie. Ya wati 1000 ingekula uniti moja kama ingewaka saa zima mfululizo, ila ile ikishajaza presha inakata, inawaka tena kidogo kidogo kushikilia joto. Maharage hayafikishi uniti. Mlaji ni jiko la koili la wazi. Ila kama mpo kwenye matumizi madogo, yale ya uniti 75 kwa mwezi, jumlisha friji na pasi kwanza, maana mkivuka hapo za juu bei inapaa.

Shangazi Mkali
Kabla hujanunua kitu LOWEKA mwanangu, usiku kucha, asubuhi mwaga hayo maji. Halafu mnawasha moto mkubwa mnadhani yataiva haraka, maji yakishachemka yamechemka, moto ukizidi unayakausha tu unaongeza ya baridi na sufuria inaanza upya. Funika, punguza moto yatokote taratibu, na juu ya mfuniko weka bakuli la maji, yanapata moto hapohapo ndo ya kuongezea.

kijana_wa_uyole
Magadi kidogo tu, chap yamelainika 😂

Shangazi Mkali
Magadi yanaua vitamini we mtoto, na ukizidisha unakula sabuni.

kijana_wa_uyole
Shikamoo shangazi, ila sisi wa Mbeya tusamehewe, huku juu maji yanachemka kabla ya digrii 100 so maharage ni kesi ya siku nzima. Presha inapandisha joto mpaka kwenye 120 hivi, ndo maana kwetu sio anasa hata ile ya kawaida ya kwenye gesi. Na cheki rangi ya moto wako, ukiwa wa njano na sufuria zinashika masizi basi bana ya jiko, pale moto unapotokea, imeziba, ikipoa sugua na mswaki mkavu, matundu zibua na sindano.

MamaWaKimara
Masizi yapo kweli!! Asanteni jamani. Na makande nayo yanaingia kwenye presha?

fundi_umeme
Yanaingia vizuri tu, ila usipitishe nusu ya chungu, maharage yanatoa povu linaenda kuziba kile kitundu cha mvuke. Na usilazimishe mfuniko, subiri presha iishe ndo ufungue.