Kambi na familia kabla ya kuhamia kwenye boti

Wakuu, mimi na mama watoto tunahamia kwenye boti ya tanga, ipo Msasani, sasa kabla ya hapo tunataka tuzunguke na gari na mahema, Morogoro, Mikumi mpaka Iringa, madogo wawili, mnashaurije?

> Anza Saadani mkuu, mbuga inagusa bahari kabisa, madogo wazoee mchanga kwenye msosi. Mikumi usilaze chakula ndani ya hema, nyani hawana adabu.

> Kisichoingia kwenye buti ya gari uza, botini hamna stoo. Na maji wapimie, ndoo moja familia nzima, hapo ndo utajua nani analia.

> Mwezi gani lakini? Masika hema litaelea lenyewe 😂

Julai mkuu.

> Safi, kukavu, ila upepo wa kusi unavuma, kuhamia botini msikimbilie.