Shuleni wanamwita Emi, ila mimi nilimpa Aimée

Ndugu zangu hamjambo huko mliko. Naombeni ushauri, binti yangu anaitwa Aimée, kaanza darasa la kwanza mwezi wa nane hapa Ohio, Marekani, na shule nzima wanamwita Emi. Juzi karudi ananiuliza, mama, kwani mi naitwa nani? Nilikosa la kumjibu. Sasa nibadilishe tu tuandike Amy yaishe?

---

Pole dada, na tafadhali usibadilishe kitu. Mi pia ni mama wa Aimée, tulitoka naye Bukavu akiwa mgongoni, sasa ana miaka 14. Mwaka wa kwanza tulikaa kliniki moja tangu saa tatu asubuhi, nesi anatoka mlangoni na karatasi anaita Emi, Emi, mimi nimetulia namshangaa huyo Emi mbona haji, kumbe ni mtoto nimempakata, na zamu ikapita hivyohivyo.

Sisi hatuna shida, tunasema Eme, zile e ni kama za neno "mbele". Mmarekani neno likiishia na e lazima aivute iwe ei, basi hiyo mwachie, ni karibu sana. Dawa niliyoipata mimi ni kumwambia mwalimu linaishia kama Renee. Renee wanalijua wote, nalo la Kifaransa vilevile, kwa hiyo ukisema e-MEI, mwisho kama Renee, wanashika palepale. Niliandika EH-MAY kwa herufi kubwa nikabandika kwenye jalada la daftari lake, mwalimu akajaribu mara mbili, ya tatu akapatia, na mtoto akacheka kwa furaha, sitasahau ile sura.

Wanaosema Emi hawana dharau jamani, wapo Wamarekani kibao wanaoandikwa Aimee na wenyewe wanajiita Emi. Hata hilo Amy limetoka kwenye Kifaransa cha zamani, maana ni ileile, apendwaye. Ila wewe hukumpa Amy, ulimpa Aimée.

Kitu cha kuangalia sana ni makaratasi. Ile alama juu ya e ikidondoka usihangaike, hata ile mistari ya chini kwenye paspoti inayosomwa na mashine haipokei alama hiyo, majina humo ni A mpaka Z tupu. Lakini e ZOTE MBILI ziwepo! Kwa Kifaransa Aimé na Aimée hutamkwa sawa, ila yenye e moja ni ya mwanaume, kama yule mshairi wa Martinique Aimé Césaire. Wangu ofisi moja walimwandika AIME, binti yangu kawa mvulana, na kuisahihisha ilinichukua miezi minne ya kwenda na kurudi. Soma herufi moja moja kabla hujaondoka dirishani.

---

Naongezea hapo, wenye Jeanne nao waseme mapema. Wengine hapa wanatamka Jin, wengine Jini, na mtu aliyekua na Kiswahili kuitwa jini kila siku kazini inauma. Dada yangu alivumilia mwaka mzima ndo akasema, na walipoambiwa waliacha siku hiyohiyo.

---

Asanteni sana, nimelia kidogo kusoma. Nimetoa cheti cha kuzaliwa sasa hivi, e zote mbili zipo. Kadi ya bima ndo imeandikwa AIME, kesho nampeleka shule mwenyewe niongee na mwalimu, halafu naenda kwa hao wa bima.