Tiodolaiti: nikisawazisha maji, kitovu kinahama. Nikirudisha kitovu, maji yanakimbia. Msaada wakuu

Bikoni_Mpya:
Habari zenu wakuu. Niko Dodoma mafunzo kwa vitendo, mwaka wa pili upimaji ardhi. Tumepewa tiodolaiti (chombo cha kupimia pembe) ya kizamani, ya kuchungulia pembe kwenye kijidarubini cha pembeni, inasoma hadi sekunde 20 za pembe. Kigingi cha kwanza kimenila dakika 40! Naleta maji (kiputo cha kipimamaji) katikati kwa skrubu za chini ya chombo, nikichungulia chini kuangalia kitovu, msumari wa kigingi haupo kwenye alama. Nasogeza stendi, maji yameondoka. Halafu hata yakitulia, nikigeuza chombo kitazame nyuma yanahama mistari miwili ya kioo chake. Kiwanja kina kona 5, pande kama mita 25, jumla ya pembe, inayopaswa kuwa 540° kamili, imetoka 540° 04' 10". Msimamizi kasema "rudieni", akaenda zake.

Mzee_wa_Cheni:
Kijana, unasogeza stendi nzima baada ya kusawazisha? Hapo utazunguka mpaka magharibi.

Fungua stendi, kichwa chake kikae sawa kwa macho, dondosha timazi karibu na msumari, kisha kandamiza miguu mpaka igome. Sasa chungulia chini na uzungushe skrubu tatu mpaka alama ikae juu ya msumari. Maji yakienda pembeni yaache. Kisha yarudishe maji ya duara kwa kurefusha na kufupisha miguu ya stendi, si kwa skrubu. Wengi hawaamini mpaka waone: mguu unapanda na kushuka lakini alama inabaki karibu palepale.

Baada ya hapo ndiyo uende kwenye maji marefu, yale ya kioo kirefu. Yalaze sambamba na skrubu mbili, uzizungushe kwa pamoja kinyume, maji yatafuata dole gumba lako la kushoto. Geuza robo, maliza na skrubu ya tatu peke yake. Alama ikiwa imehama kidogo, legeza boliti ya katikati inayoshika chombo kwenye stendi, utelezeshe chombo. Kitelezeshe tu, usikizungushe. Kaza, angalia maji tena.

JuaKaliSevei:
Mnamchosha bure dogo. Soma uso wa kushoto na uso wa kulia (yaani pima mara mbili, ya pili darubini ikiwa imepinduliwa), jumlisha, gawa kwa mbili, makosa yote yanajifuta.

MamaRamani:
@JuaKaliSevei hapana kaka. Nyuso mbili zinafuta kosa la mstari wa kutazamia na la mhimili wa kulala. Mhimili wa kusimama ukiinama, unainama upande uleule kwa nyuso zote mbili, kwa hiyo hakuna kinachojifuta. Na ukitazama juu mlimani ndiyo balaa zaidi.

@Bikoni_Mpya hiyo mistari miwili si uzembe wako, ni kioo cha maji hakijalingana na mhimili. Kugeuza nusu duara huonyesha kosa mara mbili. Rudisha mstari mmoja tu kwa skrubu za chini, basi. Geuza robo, fanya vivyo hivyo. Maji yakikaa mstari mmoja pembeni, upande uleule wa kioo popote unapogeukia, chombo kimesimama wima na unaweza kupima. Ile pini ya kurekebishia kioo usiiguse bila msimamizi, nimeona watu wakiikata.

Ila mimi ninashuku kitovu kuliko maji. Kwa mita 25, ukikosea msumari milimita 5 tu, mwelekeo unapinda sekunde 41 hivi. Zidisha kwa kona zako tano, unafika dakika 3 na nusu hivi za pembe, sehemu kubwa ya hiyo dakika 4 yako, bila kutafuta mchawi.

Mzee_wa_Cheni:
Kweli kabisa dada. Na mwavuli, Dodoma hiyo! Jua likipiga kioo upande mmoja, maji yanafuata joto.

Bikoni_Mpya:
Wakuu, mrejesho. Leo kigingi cha kwanza dakika 12, cha tano dakika 6. Njia ya miguu inafanya kazi, sikuamini. Jumla imetoka 540° 00' 40", na tuliruhusiwa kosa la sekunde 45 hivi. Kigingi cha 3 kiko kwenye udongo mweusi wa mbuga, tukagundua mguu mmoja ulikuwa unazama kila tunapouzunguka. Tumeukalisha kwenye bapa la jiwe.

MamaRamani:
Safi sana mdogo wangu. Jiwe lisichezecheze tu. Na hiyo sekunde 40 usiilazimishe yote kwenye kona moja, igawe.

JuaKaliSevei:
Haya, nimekubali yaishe. Mwavuli mnanunua wenyewe au chuo kinatoa?