Riziki haivutwi kwa kamba: kweli au kisingizio?

Mwenye mada

Jamani, niamulieni ugomvi ulioacha pilau yetu ikapoa Jumapili. Mpwa wangu ana miaka 26 na diploma ya umeme. Mwaka wa pili huu anazungusha karatasi za kuomba kazi Industrial Area, Nairobi, geti hadi geti, mpaka mabawabu wanamsalimia kwa jina. Mjomba wake akamwambia mbele ya watu: "Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Wewe hujagaagaa." Shangazi yake, aliyekuwa amefika kutoka Machakos, akaweka sahani chini. "Riziki haivutwi kwa kamba. Mwacheni mtoto." Nyumba ikagawanyika, nami nikawa upande wa mjomba. Naeleza kwa nini, kisha mnipinge.

Nauza mitumba Gikomba. Ukinunua robota hujui kilichomo mpaka ukate kamba, na ukishaikata hakuna kurudishiwa pesa. La kwanza nililifungua Januari, jua la utosi: masweta ya watoto. La pili, mashati yenye madoa kwenye kola, yote yakaenda fagia. (Kwa wasiolijua soko: kamera ni zile nguo safi zinazochaguliwa mwanzo, fagia ni mabaki yanayomwagwa chini kwa bei ya kutupa.) Nikaendelea kufika saa kumi na moja alfajiri hata siku ambazo sikuwa na pesa ya kununua chochote, nasimama tu nikitazama wenzangu wakifungua. Nikajua ni mzigo wa nani huwaliza watu na ni wa nani hawachoki kuurudia. Asubuhi moja mwenye stoo akaniita kando: kuna robota la magauni, aliyeliagiza hajatokea, lipa nusu leo na nusu Ijumaa. Lilikuwa kamera tupu. Ndilo lililomlipia karo kifungua mimba wangu. Mtasema ni bahati. Sawa, lakini ilinikuta nimesimama pale.

Tena si mambo ya sokoni tu. Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube, katika nchi inayojua mbio, akawa bingwa wa dunia Beijing 2015 kwa mita 92.72. Eliud Kipchoge alikosa kikosi cha Olimpiki cha 2012. Angerudi kulima, nani angemlaumu? Mwaka uliofuata akaingia marathoni, na Oktoba 2019 kule Vienna akamaliza kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40.

Kinyozi wa Kayole

Naunga mkono. Nilikaa miezi minne nikinyoa jamaa zangu, na bure. Ningefunga mwezi wa tatu, leo ningekuwa naandika nini hapa?

Wa Mathare

Mama, nimekusoma kwa heshima, ila umewahesabu waliofika peke yao. Gikomba hiyo hiyo, Juni 2018, moto ulizuka usiku ukaua watu 15. Walioteketezewa vibanda ni wale wale wa kuamka saa kumi na moja. Nani aliwafuata kuwauliza siri ya mafanikio?

Na Kipchoge umemkata katikati. Huko kwao Nandi aliishi pia Patrick Sang, aliyeshinda fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Barcelona 1992. Kijana alimwendea akaomba ratiba ya mazoezi, akaifuata, akarudi kuomba nyingine, akarudi tena. Huko kurudi ni kwake mwenyewe, sibishi. Lakini alifanya bidii gani ili azaliwe karibu na Sang? Hapa kwetu watoto wa kukimbia wapo. Jirani yao ni mto wa majitaka.

Halafu kubahatisha kuna gharama. Mpwa wako akiitwa usaili Westlands anahitaji nauli ya kwenda na kurudi, shati lililopigwa pasi (ikiwa stima imerudi), na cheti cha maadili mema ambacho chenyewe ni zaidi ya elfu moja. Mtoto wa Lavington akikataliwa mara kumi anarudi nyumbani kwenye friji. Wetu akikataliwa mara tatu, ya nne hana nauli, nanyi mnasema amekata tamaa. Jirani yangu alilipia cherehani polepole kwa miaka miwili. Mafuriko ya Aprili 2024 yakaichukua. Kabla matope hayajakauka vizuri, tingatinga likaja kubomoa vyumba vilivyokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni. Mwendeeni yeye na habari za kugaagaa.

Dereva wa teksi, Ngong Road

Mimi niko katikati, ila kuna jambo mnalipita. Vijana wanaposikia "jaribu bahati yako" hawafikirii robota wala mkuki. Wanatoa simu.

Nilibeti miaka mitatu. Nilikuwa na bidii kweli, msinicheke: daftari la timu, la majeruhi, hata la hali ya hewa Uingereza. Mwisho nikaweka pesa ya nyumba kwenye jakipoti ya mechi 17. Zilipofika mechi nne za kwanza nilikuwa nimeshakosa mbili, na landilodi alikuwa mlangoni Jumatatu. Baadaye abiria mmoja, mhasibu, akanifanyia hesabu tukiwa foleni ya Adams Arcade. Kila mechi ina matokeo matatu. Tatu mara tatu, mara tatu, mpaka mara 17: ni zaidi ya njia milioni 129, na mimi nilikuwa nimenunua moja. Ningecheza kila wiki maisha yangu yote, na ya wajukuu, ile kampuni isingejua hata kwamba nimechoka.

Ndiyo tofauti na Mama wa Gikomba. Yeye alikuwa akifika, mwenye stoo akamzoea uso. Hata pale kwenye mjengo, kibarua anayesimama getini siku kumi, siku ya kumi na moja fomeni anamwita "wewe wa kofia". Simu haikuzoei. Kuvumilia mahali pasipokujua ni kupoteza tu, hata uamke saa ngapi.

Mwalimu mstaafu

Nichangie kidogo. Kuna mwanasaikolojia wa Uingereza, Richard Wiseman, aliyewakusanya watu waliojiita wenye bahati na waliojiita wenye mikosi. Akawapa gazeti wahesabu picha. Ndani, nusu ukurasa mzima, alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: acha kuhesabu, zimo picha 43. Wenye "bahati" wengi waliliona tangazo hilo. Wenye "mikosi" wengi walilipita, macho yao yamekazana na picha. Kwa hiyo huenda mpwa anagonga mageti ya viwanda kwa bidii hadi haoni mlango ulio kando.

Wa Mathare

Mwalimu, mwenye njaa lazima akaze macho. Na huku magazeti tunayasoma kwa kuinama, yakiwa chini ya muuzaji, kabla hajatufukuza. Ukurasa wa ndani hatuufikii.

Mwalimu mstaafu

Hapo umenipata.

Mwenye mada

Nimerudi. Dereva, lile la kuzoeleka uso limenikaa, kwa sababu nimekumbuka kitu nilichokiruka. Mwenye stoo aliniruhusu kulipa nusu kwa kuwa dada yangu mkubwa alikuwa akiuza viatu mita chache kutoka pale, na angeweza kudaiwa mimi nikitoroka. Bila dada, ningesimama pale mpaka leo. Wa Mathare, hiyo nakuachia. Lakini bado nasema hivi: dada alikuwepo tangu robota la kwanza, na mimi nisingekuwa pale ile asubuhi, magauni yangekwenda kwa mwingine.

Kuhusu mpwa: ameacha mageti. Tangu Jumatano anatoka na fundi mmoja anayefunga nyaya kwenye maghorofa ya Pipeline. Hana leseni ya EPRA, wale wadhibiti wa nishati, kwa hiyo ni msaidizi tu: anachimba ukuta kwa patasi, anavuta waya, jioni anarudi mweupe kwa vumbi kama mwokaji. Malipo ni ya kubahatisha. Jana fundi alimwachia aunganishe soketi mbili peke yake, naye akanitumia picha ya hizo soketi saa nne usiku. Mjomba anatembea kifua mbele, anasema si niliwaambia.

Wa Mathare

Hongera zake. Swali moja tu, mama. Kutoka kwenu hadi Pipeline kila siku, kabla hajalipwa, nauli anatoa wapi?

Mwenye mada

Kwa shangazi. Anamtumia kila jioni kwa M-Pesa, na hamsini ya chai.