Mrejesho: saa ya kompyuta iliyokuwa ikirudi nyuma

Asanteni wote. Niliuliza kwa nini saa ya kompyuta ya mezani inarudi miaka kadhaa nyuma kila stima ikipotea hapa Kisumu, na tovuti zinagoma kufunguka zikidai cheti si halali. Mliosema ni betri ya ubao mama mlilenga: CR2032 ya zamani ilisoma volti 2.1 kwenye mita, mpya 3.2. Chomoa waya wa umeme, sukuma kijino cha chuma kando ya kishikio, betri inajiinua yenyewe; mpya inalala alama ya + ikitazama juu. Kisha ingia BIOS (menyu ya mipangilio inayofunguliwa kompyuta inapowaka, kabla ya Windows) uweke upya tarehe na mpangilio wa kuwasha.

Kompyuta ikibaki imechomekwa ukutani ugonjwa huu hujificha, maana stima huendesha saa hata kompyuta ikiwa imezimwa.

Ila Windows ikabaki nyuma kwa saa tatu kamili. Hiyo sasa si betri. Linux iliyo kando yake kwenye kompyuta hiyohiyo huandika UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya Nairobi kwa saa tatu) kwenye saa ya ubao mama, Windows huisoma kana kwamba ni saa za Nairobi. Dawa, andika amri hii kwenye terminal ya Linux: timedatectl set-local-rtc 1. Itatoa onyo kuhusu kubadilisha saa kwa majira. Kenya hatuna mambo hayo, lipuuze.